Mizani Isiyopima Safari: Uhakiki wa Tafiti za Kulinganisha Miseto ya Dawa za Saratani ya Mapafu kwa Kumzingatia Mgonjwa wa Mpanda

Utangulizi

Mnamo Januari 2002 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio lililoendeshwa na kundi la watafiti la Marekani liitwalo Eastern Cooperative Oncology Group. Joan H. Schiller na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 1,207 wenye saratani ya mapafu ya seli zisizo ndogo, iliyokwisha kusambaa au kurudi baada ya tiba, katika makundi manne. Kila kundi lilipewa dawa mbili: sisplatini na paklitakseli, sisplatini na jemsitabini, sisplatini na dositakseli, au kaboplatini na paklitakseli. Miongoni mwa wagonjwa 1,155 waliotimiza vigezo, uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 19 tu. Nusu yao walifariki kabla ya kutimiza miezi 8. Baada ya mwaka mmoja asilimia 33 walikuwa hai, na baada ya miaka miwili asilimia 11. Hakuna mseto uliouzidi mwingine kwa kurefusha maisha.

Kwa zaidi ya miaka ishirini matokeo hayo yamesomwa kama sare. Wanaoyanukuu husema kwamba mseto wowote wenye dawa ya jamii ya platini unafaa, na kwamba uchaguzi uachwe kwa daktari na ghala la dawa. Makala haya yanauhakiki usomaji huo. Hoja inayojengwa ni kwamba sare iliyotangazwa ilikuwa ya kipimo kimoja, yaani urefu wa maisha, na kwamba mgonjwa anayetoka Mpanda akiwekwa mbele ya miseto hiyo minne haoni sare yoyote. Anakuta njia nne zinazotofautiana sana kwa idadi ya safari, saa za dripu, vipimo vya damu na siku za kuwa mbali na nyumbani. Tofauti hizo zimo ndani ya jaribio lenyewe, katika maelezo ya namna dawa zilivyotolewa, lakini hazikuhesabiwa kuwa matokeo.

Neno mseto linahitaji tahadhari kidogo. Msomaji wa Tanzania amelizoea katika malaria, tangu nchi ilipoiacha SP na kuingia katika dawa mseto ya ALu mwaka 2006. Katika malaria dawa mbili huunganishwa hasa ili moja iilinde nyingine dhidi ya usugu wa vimelea, na mgonjwa humeza vidonge kwa siku tatu akapona. Katika saratani ya mapafu iliyosambaa hakuna ahadi ya kupona. Dawa ya pili huongezwa ili seli ishambuliwe kwa njia nyingine, na kila dawa huja na sumu yake. Uchambuzi wa Delbaldo na wenzake wa mwaka 2004, uliojumlisha majaribio mengi, ulionyesha kwamba dawa mbili huzidi moja kwa kusinyaza uvimbe na kurefusha maisha, ilhali ya tatu huongeza kusinyaa na madhara bila kuongeza maisha. Kwa hiyo mbili ndicho kiwango, na swali linabaki ni mbili zipi.

Mgonjwa anayezungumziwa

Katavi ni mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Reli inayofika Mpanda kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, si kwa ajili ya abiria, na hadi leo anayetaka kufika Dar es Salaam kwa treni hupitia Tabora. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, na njia ya basi kuelekea huko hupita Sumbawanga. Vituo vikubwa vya saratani nchini, yaani Taasisi ya Saratani Ocean Road iliyoko Dar es Salaam, Bugando iliyoko Mwanza na KCMC iliyoko Moshi, vyote viko pembezoni mwa nchi upande usiokuwa wa Katavi.

Mkoa huu pia ni wa tumbaku. Wakulima wa Mishamo, Katumba na vijiji vinavyozunguka mji huandaa vitalu kabla ya mvua, huvuna majani kwa awamu na kuyakausha katika mabani yanayotaka kuni na macho ya mtu usiku na mchana. Ieleweke kwamba saratani ya mapafu katika nchi zilizofanya majaribio haya imesababishwa zaidi na uvutaji wa sigara. Majani yanayotoka katika mabani kama hayo huuzwa nje na kuishia katika mapafu ya watu wa mbali, kisha elimu ya kuwatibu watu hao hurudi katika majarida ikiwa imepimwa kwa miili yao na kwa barabara zao.

Mgonjwa wa Mpanda hafiki katika uchaguzi wa mseto kwa njia fupi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi hushukiwa kuwa kifua kikuu, na ni sawa kishukiwe, kwa kuwa kifua kikuu ndicho cha kawaida na kinapona. Lakini damu katika makohozi, kukonda na jasho la usiku hupatikana katika maradhi yote mawili, na picha ya kifua isiyosomwa na mtaalamu haiyatenganishi. Mgonjwa asiyeonekana na vimelea anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa dalili tu, kisha miezi ikapita kabla mtu hajauliza kwa nini hapati nafuu. Baada ya hapo ndipo huja kipimo cha CT, kuchukuliwa kinyama, na jibu la patholojia. Saratani iliyosambaa hapa haitokani na mgonjwa kupuuza afya yake. Mara nyingi ni ugonjwa uliokuwa ukitibiwa kwa jina lingine.

Siku za dripu

Katika jaribio la mwaka 2002 jemsitabini ilitolewa siku ya 1, ya 8 na ya 15 ya kila mzunguko wa wiki nne, pamoja na sisplatini ya miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya mwili siku ya kwanza. Kwa wiki kumi na mbili hizo ni siku tisa za kuwa mbele ya muuguzi. Sisplatini na dositakseli zilitolewa siku moja kila baada ya wiki tatu, yaani mara nne katika kipindi kilekile. Kaboplatini na paklitakseli vilevile ni mara nne, na paklitakseli hiyo iliingia kwa saa tatu. Kundi la kwanza, la sisplatini na paklitakseli, nalo lilikuja kila wiki tatu, ila paklitakseli yake ilitiririka kwa saa 24 na sisplatini ikafuata siku ya pili. Huyo ni mgonjwa wa kulazwa.

Tisa dhidi ya nne. Kwa mtu anayekaa vituo viwili vya daladala kutoka hospitali, tofauti hiyo ni usumbufu. Kwa mtu wa Mpanda ni tofauti ya aina, si ya kiasi. Safari nne kila baada ya wiki tatu zinaweza kufikiriwa, kwa shida, na kurudi nyumbani katikati kunawezekana. Safari za kila wiki haziwezekani kabisa, hivyo mseto wa jemsitabini humlazimu kuhamia mjini kwa miezi mitatu, kwa ndugu akiwa naye au katika chumba cha kupanga, pamoja na msindikizaji mmoja aliyeacha kazi yake. Hata utaratibu uliozoeleka baadaye, wa jemsitabini siku ya 1 na ya 8 katika mzunguko wa wiki tatu, hutoa siku nane katika wiki kumi na mbili, na hukumu inabaki ileile.

Sisplatini nayo ina mzigo wake. Huumiza figo, hivyo hutaka maji mengi ya dripu kabla na baada, kipimo cha kreatinini kinachoaminika, dawa kali za kuzuia kutapika, na muuguzi mwenye muda wa kupima mkojo. Katika jaribio lenyewe, madhara mazito ya figo yaliwapata asilimia 9 ya waliopewa jemsitabini na sisplatini, dhidi ya asilimia 3 ya waliopewa sisplatini na paklitakseli. Mseto huohuo wa jemsitabini ndio uliochelewesha zaidi kukua upya kwa ugonjwa: miezi 4.2 dhidi ya 3.4. Msomaji wa kawaida wa jarida huziweka takwimu hizi mbili katika mizani moja na kuziona zinalingana. Lakini siku 24 za ziada kabla ya uvimbe kukua, kwa mtu anayelazimika kuwa kliniki siku tano zaidi na kuishi nje ya mkoa wake muda wote huo, haziwezi kuitwa faida kabla ya kuulizwa zilitumika wapi.

Waandishi wa jaribio waliuchagua mseto wa kaboplatini na paklitakseli kuwa kipimo cha majaribio yao yaliyofuata, kwa sababu madhara yake yalikuwa mepesi zaidi. Uchaguzi huo unamfaa pia mgonjwa wa Mpanda, ingawa kwa sababu ambazo wao hawakuzitaja: mara nne, saa chache, maji machache. Haukosi kasoro. Kaboplatini hushusha chembe za damu, na paklitakseli huleta ganzi ya vidole, jambo zito kwa mtu anayeishi kwa kufunga majani ya tumbaku kwa mikono yake. Kushuka kwa chembe nyeupe ndiko kunakotisha zaidi, kwa sababu hutokea siku kadhaa baada ya dripu, wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani. Homa ya usiku katika kijiji cha Tanganyika au Mlele siku ya kumi baada ya dawa ni dharura inayotaka antibiotiki ya mshipa ndani ya saa chache. Hapa hoja ya umbali inageuka: mseto unaomruhusu mgonjwa kurudi nyumbani unamrudisha pia mbali na msaada. Uhakiki usiolikubali hili utakuwa unafanya kosa lilelile la kupima kwa kipimo kimoja.

Waliofungiwa mlango

Kundi hilo la Marekani ndilo lenye kipimo maarufu cha hali ya kujimudu, kinachoanzia 0 kwa mtu mwenye nguvu zake zote. Daraja la 2 ni mtu anayejihudumia mwenyewe lakini hawezi tena kufanya kazi, na hukaa nje ya kitanda kwa zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho. Jaribio lilianza kwa kuwapokea watu wa daraja hilo, kisha likaacha baada ya madhara na vifo kuonekana vimezidi. Nusu ya waliokwisha kuingia walifariki katika takribani miezi 4. Uchambuzi wa baadaye wa Sweeney na wenzake, mwaka 2001, uliona kwamba sehemu kubwa ya maafa hayo ilitokana na ugonjwa wenyewe kuliko dawa.

Kwa Mpanda hiki si kifungu cha pembeni. Mkulima huenda hospitali kubwa pale kazi inapomshinda, si kabla. Maana ya daraja la 2 ni hiyohiyo: hawezi kazi. Ongeza miezi ya kutibiwa kifua kikuu, ongeza siku za barabarani, na mtu aliyetoka kwake akiwa wa daraja la 1 anafika akiwa wa 2 au chini zaidi. Kwa hiyo ile miezi 8 inayonukuliwa katika kila mjadala imepimwa kwa watu ambao wengi wao hawafanani na anayeketi kwenye benchi akisubiri kuitwa. Mganga anayemwambia mgonjwa huyo miezi 8 hasemi uongo wa makusudi. Anasoma takwimu ya mtu mwingine.

Jaribio lililouliza swali la hapa

Afrika Mashariki si mgeni katika kulinganisha miseto ya dawa za mapafu. Mwaka 1972 jarida la Lancet lilitoa matokeo ya jaribio la pamoja la Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kuhusu kifua kikuu. Tiba ya kawaida wakati huo ilichukua miezi 18. Watafiti walilinganisha nayo miseto minne ya miezi sita, yote yenye streptomaisini na isoniazidi. Waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 3 pale rifampisini ilipoongezwa, asilimia 8 kwa pirazinamidi, asilimia 22 kwa thiasetazoni, na asilimia 29 pasipo dawa ya tatu. Kwa tiba ya miezi 18 walikuwa asilimia 3.

Tazama nafasi ya sare katika jaribio hilo. Mseto wa rifampisini haukuizidi tiba ndefu. Ulilingana nayo, na kulingana huko ndiko kulikokuwa ushindi, kwa kuwa miezi sita ni theluthi ya miezi 18. Muda wa tiba haukuwa maelezo ya pembeni. Ulikuwa ndani ya swali. Watafiti walijua kwamba dawa nzuri inayoachwa njiani na mgonjwa anayeishi mbali haimponyi. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa ushauri wa Karel Styblo, ulijengwa juu ya fikra hiyo, na nchi nyingine zikaja kujifunza Tanzania.

Sare ya mwaka 2002 ilipokewa kwa masikitiko, kama ukuta ambao tibakemia imegonga. Kama idadi ya safari na saa za dripu zingekuwa ndani ya swali tangu mwanzo, namba zilezile zingesomwa kama ugunduzi: kwamba mgonjwa anaweza kupewa mseto wa mara nne badala ya tisa bila kupoteza muda wa kuishi. Namba hazikuhitaji kubadilika. Ni haki kuongeza kwamba kosa hili si la Schiller na wenzake, waliojibu swali walilopewa na mazingira yao. Ni la wanaolichukua jibu hilo na kulipeleka kwenye mazingira mengine bila kulifungua.

Dawa mpya na kidonge kimoja

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii ni kwamba miseto haiko sare tena. Mwaka 2018 jaribio la KEYNOTE-189, lenye wagonjwa 616, liliongeza pembrolizumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, juu ya pemetreksedi na platini. Baada ya miezi 12 walikuwa hai asilimia 69.2, dhidi ya asilimia 49.4 ya wasioongezewa. Hiyo si tofauti ya kupuuzwa, na uhakiki wowote unaoidharau kwa sababu ni ya mbali unamnyima mgonjwa wa Mpanda haki ya kutaka kilicho bora. Hata hivyo dawa hiyo ni ghali mno, hutunzwa kwenye baridi, na katika jaribio ilitolewa kila wiki tatu hadi mizunguko 35, yaani takribani miaka miwili. Miongozo ya saratani iliyolinganishwa kwa ajili ya Afrika kusini mwa Sahara hutofautisha kwa rangi za maandishi tiba zinazopatikana kwa kawaida na zile zinazobaki kuwa matarajio. Ni uaminifu wa kusifiwa. Lakini rangi hizo huonyesha kama dawa ipo, hazionyeshi kama mtu anaweza kuifikia mara 35.

Mfano wenye kufikirisha zaidi ni wa gefitinibu, kwa sababu hiyo ni kidonge cha mara moja kwa siku. Hakina dripu, hakina safari ya kila wiki. Kinaweza kumezwa Mishamo kwa maji ya kisimani. Jaribio la IPASS la mwaka 2009, lililofanyika Asia kwa wagonjwa 1,217, liliilinganisha na mseto uleule wa kaboplatini na paklitakseli. Kwa wenye mabadiliko fulani ya jeni iitwayo EGFR, kidonge kiliuchelewesha ugonjwa kuliko mseto. Kwa wasiokuwa nayo, kilikuwa kibaya zaidi kwa mbali. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za aina hii katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Hivyo dawa inayofaa kwa umbali wa Katavi kuliko zote ndiyo isiyoweza kutolewa kwa kukisia. Inataka kinyama cha kutosha, kilichohifadhiwa vizuri, na maabara ya jeni, kabla ya kidonge cha kwanza. Yanayopaswa kusafiri hapa si mwili wa mgonjwa bali kipande chake kidogo. Kupanga usafiri wa kipande hicho kutoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi ni kazi ya makarani, vibandiko na basi, na ingestahili kupewa uzito uleule unaopewa uchaguzi wa dawa.

Kipimo kilichokosekana

Mwaka 2010 Jennifer Temel na wenzake wa Boston walichapisha jaribio dogo, la wagonjwa 151 waliogunduliwa karibuni kuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa. Wote walipata tiba ya kawaida ya saratani. Nusu yao waliongezewa tiba shufaa tangu mwanzo: kutulizwa maumivu na kukosa pumzi, na kuzungumza na wataalamu kuhusu wanachokitaka. Waliongezewa waliishi miezi 11.6, wengine miezi 8.9, ingawa wa kwanza walipewa tiba kali chache zaidi karibu na kufa. Tofauti hiyo ya karibu miezi mitatu ni kubwa kuliko tofauti yoyote kati ya miseto minne ya mwaka 2002. Ni kituo kimoja, na Boston si Mpanda. Lakini tiba iliyoongezwa pale ilikuwa mazungumzo na mofini, na vyote viwili vinaweza kufika Mpanda.

Ushahidi kwamba vinaweza kufika uko jirani. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Anne Merriman ikitumia mofini ya maji ya kunywa, na tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda imewaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, kwa kuwa kumsubiri daktari vijijini kungekuwa kuyaacha maumivu yaendelee.

Haya yasichukuliwe kuwa hoja ya kumnyima mgonjwa tibakemia. Uchambuzi wa pamoja wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba tiba zenye sisplatini ziliongeza waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja kwa takribani pointi 10 za asilimia, na mtu anayeambiwa hivyo ana haki ya kupanda basi. Kinachodaiwa ni kwamba jedwali analoonyeshwa liwe na safu nyingine kando ya ile ya miezi: safu ya siku alizolala nyumbani kwake. Kuna kaboplatini na paklitakseli mara nne, zikiambatana na mofini na muuguzi wa kumfuata kijijini. Kuna mofini na muuguzi huyo peke yao. Kuna jemsitabini na chumba cha kupanga mjini. Tafiti zilizohakikiwa hapa hazikuzilinganisha njia hizo tatu. Familia ya Mpanda huzilinganisha jioni moja, ikiwa na nauli mkononi na majani yakiwa bado banini.